Kama Wanakutaka Kweli, Wakulipie Karo

Wasee, kabla hamjaniandikia "si ni wewe uliacha campo", ndio, ni mimi. Niliacha mwaka wa pili na sijawahi kuficha. Kwa hivyo najua mnangoja niseme nini. Mnangoja niseme shule ni story za jaba, mshike simu, mnunue taa ya duara muanze kupost. Leo sisemi hivyo. Leo nitawakasirisha watu wa shule na watu wa simu pamoja, na nitaanza na barua.

Barua ilimfikia rafiki yangu wa tangu Form Two, msee tuliyelala naye sakafuni kwenye madarasa ya watu tukienda drama festival, msee anayejua kuigiza kuliko mimi na nimekubali hilo kitambo. Chuo kimoja Marekani kimemkubali kusomea uigizaji wa jukwaani. Miaka mitatu, digrii ya uzamili, ile wanaita MFA. Alinitumia picha ya barua saa saba usiku nikapiga nduru mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikasoma ukurasa wa pili. Chuo kitamsaidia na sehemu ya karo. Yeye atafute dola 31,000 kila mwaka, karo iliyobaki pamoja na kulala na kula. Pigeni hesabu na dola ya 129. Karibu milioni nne kwa mwaka. Mara tatu.

Kufikia Jumapili kulikuwa na grupu ya WhatsApp ya harambee, na buda yake alikuwa ameanza kutaja shamba la Kinangop.

Sasa wacha nianze na watu wa simu kwa sababu ni watu wangu. Nyinyi mnasema talanta haifundishwi, mtu ako nayo ama hana, na kwamba kulala chini ukifundishwa kupumua ni njia ya wazungu ya kula pesa. Mimi mwenyewe nimesema hivyo, kwa video, na video ikafanya vizuri. Nilikuwa nadanganya bila kujua.

Nilipoacha campo niliingia kundi la setibuku. Kama ulisoma Kenya unajua hiyo kazi: matatu inaingia shuleni, watu saba wanashuka na mifuko ya nguo, mnachezewa tamthilia yenu ya mtihani, halafu hao wameenda shule nyingine kabla ya lunch. Tulikuwa na Bembea ya Maisha na mimi nilikuwa Sara. Soo tano kwa shoo, shoo mbili kwa siku, wakati mwingine tatu. Wiki ya tatu tukafika shule moja ya wasichana Murang'a, ukumbi wa mabati, wasichana kama mia nane, na mvua ikaamua kunyesha nikiwa katikati ya sentensi. Nikapayuka. Nikapayuka tena. Safu ya tatu kwenda nyuma hawasikii kitu, wameanza story zao. Shoo ya pili sauti ikaisha kabisa, nikabaki na mlio kama wa mlango wa choo. Sasa Sara kwenye hadithi ni mgonjwa, kwa hivyo kuna waliodhani hiyo ni uigizaji wa hali ya juu. Mwalimu mmoja akamfuata kiongozi wetu akamwambia, "Huyo Sara wenu mpelekeni hospitali."

Wiki mbili niliongea kwa kunong'ona. Mathe akanipikia tangawizi na asali na ndimu, tukasema ni baridi. Haikuwa baridi. Nilikuwa nafanya kazi ya sauti bila kujua sauti inatoka wapi.

Miezi kadhaa baadaye nikaenda warsha ya wikendi, thao mbili, mwalimu alikuwa Mkenya aliyesomea uigizaji nje. Jumamosi asubuhi yote alitulaza chini kwenye ukumbi wa kanisa. Pumua. Usibebe mabega. Legeza taya. Pumua tena. Mimi nimelala pale nikihesabu: thao mbili, nimelipa thao mbili nilale kwa simiti. Nilikaribia kwenda. Jumapili jioni akanisimamisha mwisho wa ukumbi, yeye akatoka nje mpaka pale magari yameegeshwa, mlango wazi, akaniambia niseme mstari mmoja wa Sara kama siri, nisipige kelele hata kidogo. Nikasema. Akainua kidole gumba kutoka kule nje.

Wasee, mimi si mtu wa kulia. Nilienda choo.

Kwa hivyo usiniambie haifundishwi. Kuna msee wa Australia, F. M. Alexander, alikuwa anakariri Shakespeare kwa majukwaa miaka ya 1890 na sauti ikawa inamkatika kila akipanda. Daktari akamwambia apumzike. Akipumzika inarudi, akipanda inapotea. Akajiwekea vioo akajiangalia akiongea, akagundua kwamba kabla hata neno halijatoka alikuwa anakaza shingo, anarudisha kichwa nyuma na kunyonya hewa kwa mdomo. Ni mwili ulikuwa unamnyonga. Mpaka leo mbinu yake inafundishwa kwenye shule kubwa za uigizaji London na New York. Alianza na shida ile ile ya Sara wangu wa Murang'a, tofauti ni yeye alikuwa na vioo na mimi nilikuwa na tangawizi.

Na hiyo ni sauti peke yake. Miaka mitatu ya hizo shule ni mwili, vinyago, vichekesho vya mwili, kupigana jukwaani bila kumvunja mwenzako pua, lafudhi, kusoma mashairi ya Shakespeare mpaka yakae mdomoni kama maneno yako, na mchezo baada ya mchezo, kutoka asubuhi mpaka usiku. Sisi wa simu tuna maikrofoni karibu na mdomo. Tukikosea tunakata. Tukisahau tunasoma kwa skrini. Jukwaa ni saa mbili na nusu, hakuna kukata, mtu wa safu ya mwisho amelipa tikiti kama wa mbele, na kesho usiku unarudia kama ndio mara ya kwanza. Video zangu haziwezi kunifundisha hiyo, na nina video zaidi ya mia nne.

Haya. Watu wa simu mkiwa mmeshaanza kuniacha, sasa watu wa shule.

Nyinyi mna jina moja na mnalitumia kama hirizi. Lupita. Lupita alienda Yale, Lupita akapata Oscar, kwa hivyo tuma mtoto. Aki hebu tuseme hiyo story yote. Lupita alicheza Juliet akiwa na miaka 14 hapa Nairobi, na Phoenix Players. Alikuwa kwenye Shuga mwaka 2009, na mwaka huo huo akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino hapa Kenya. Alikuwa na digrii ya kwanza ya Marekani. Halafu ndio akaingia Yale, akamaliza 2012, na Oscar ikaja 2014. Wakati yuko Yale, mzee wake alikuwa waziri hapa kwetu. Sisemi nani alilipa nini, hiyo haituhusu. Nasema Yale ilimpokea mtu ambaye alikuwa ameshaanza safari, na nyuma yake kulikuwa na nyumba ambayo haingelala njaa mambo yakikwama.

Na hakuna aliyeanguka kutoka mbinguni. Mwaka wa kwanza pale alikuwa mwigizaji wa akiba kwenye Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira. Akiba, yaani unajifunza mistari yote kisha unakaa. 2016 ndio akaicheza Broadway. Miaka saba. Napenda sana hiyo sehemu na hakuna mtu huipost.

Edi Gathegi, aliyezaliwa hapa Nairobi, yule wa Superman ya 2025, naye alipitia kozi kama hiyo New York University. Kwa hivyo shule zinafanya kazi, sijakataa. Lakini ukiorodhesha waliofika unasahau kuuliza habari ya wengine. Uigizaji una ukatili huo: walioshindwa hawana mabango.

Na wale wengine, kuna mahali walihesabiwa. Januari 2017 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa orodha ya kozi ambazo madeni ya wahitimu yanazidi uwezo wa mishahara yao. Kwenye orodha kulikuwa na kozi ya uigizaji ya miaka miwili ya A.R.T., ule ukumbi wa maigizo ulio chini ya Harvard. Ilifeli. Mhitimu alikuwa anatoka na deni la karibu dola 78,000, na anapata takriban dola 36,000 kwa mwaka. Mwaka huo huo ikasimamisha kuchukua wanafunzi. Harvard, wasee. Chuo ambacho wakati huo hazina yake ilikuwa zaidi ya dola bilioni 35, na bado vijana walikuwa wanakopa ili wajifunze Chekhov. San Francisco kuna American Conservatory Theater, pale Denzel Washington alisoma mwaka mmoja akaondoka. Nao MFA yao waliifunga 2022.

Ualimu wenyewe haukuwa na shida. Wale walimu walikuwa wazuri, watu walijifunza kweli. Shida ni bili.

Sasa sikilizeni hii sehemu, ndio imenifanya nikae chini niandike badala ya kupiga video. Mwaka 2021 Yale waliondoa karo yote kwenye shule yao ya drama. Sufuri. Mtu mmoja, David Geffen, yule tajiri wa muziki na filamu, alitoa dola milioni 150, na shule sasa ina jina lake. Na huyo Geffen hakumaliza chuo. Akiwa kijana alidanganya kazini kwamba amehitimu UCLA, amesimulia mwenyewe. Yaani mtu aliyeacha shule ndiye anawalipia karo waigizaji bora wa Marekani. Nilicheka peke yangu kwa matatu. Kisha Juilliard nao, kuanzia 2024, wakaondoa karo kwa MFA ya uigizaji.

Kwa hivyo mwaka huu shule mbili zenye majina makubwa kabisa hazitozi karo. Na kuna vyuo vya majimbo kule ambavyo vinakusamehe karo na kukupa posho ukifundisha wanafunzi wa digrii ya kwanza. Kama wale wa juu kabisa wanasema "ukiwa mzuri kiasi cha kuingia, kuja tu," basi huyu mwingine anayekuandikia barua tamu na bili ya milioni kumi na mbili anauza nini hasa?

Nitasema, hata kama itauma. Anauza tumaini. Darasa la MFA ni dogo, Yale wanachukua waigizaji kama 16 kwa mwaka. Darasa dogo na walimu wengi ni ghali, lazima mtu alipe. Pale ambapo hakuna Geffen, Geffen ni wewe. Ni buda yako na shamba lake. Na shule ikikwambia wewe ni mzuri kiasi cha kulipa lakini si mzuri kiasi cha kulipiwa, imeshakwambia inakuonaje. Soma ukurasa wa pili.

Watu wameniambia eti ni uwekezaji, kama udaktari. Daktari akimaliza hospitali zinamtafuta. Mwigizaji akimaliza anajiunga na foleni ile ile ya odisheni na mtu ambaye hakusoma, na yule ambaye hakusoma hana deni, kwa hivyo anaweza kukubali mchezo mdogo wenye mwelekezi mzuri na malipo mabaya. Yule mwenye deni hawezi. Deni ndilo linaanza kumchagulia kazi. Umefundishwa miaka mitatu kuwa msanii jasiri, halafu unatoka na bili inayokulazimisha uwe mwoga.

Na sisi wa pasipoti ya Kenya tunaongezewa. Ile mikopo ya serikali ya Marekani wenyewe wanalilia, sisi hatupewi. Ukikopa benki za kule mara nyingi unatakiwa mdhamini anayeishi kule. Kabla ya viza uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza ipo. Na ukimaliza, unaruhusiwa kufanya kazi ya taaluma yako miezi kumi na mbili. Mwaka mmoja, kwenye kazi ambayo Lupita alikaa miaka saba kati ya kukaa akiba na kusimama. Halafu upate aina nyingine ya viza au urudi. Uigizaji hauwezi kutumwa kwa barua pepe, bana.

Nilienda kuongea na mzee mwenyewe, kwa sababu kuongea nyuma ya mgongo wa mtu ni ujinga. Nilipewa chai. Nikamweleza pole pole, nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe ulipewa shule ukaitupa. Huyu amepewa, na unataka aitupe pia?"

"Sijasema aitupe, Mzee. Nasema wewe usiuze shamba."

"Shamba ni langu."

Nikanywa chai. Ningejibu nini?

Rafiki yangu ndiye alinifuata mpaka kwa geti. Akaniambia ninamwonea wivu. Na nitawaambia ukweli kwa sababu hii ndiyo sehemu mtu yeyote angenishika nayo: wivu upo. Ningeambiwa kesho kuna mahali nitalala chini nipumue miaka mitatu na kila siku nicheze, ningeacha hii simu kwa meza na kuondoka. Napenda hiyo kitu kuliko maview. Ndio maana nina hasira. Mtu ambaye hataki kitu hakasiriki kikiuzwa bei mbaya.

Kuna wale watasema sasa, kama si Marekani, wapi? Hapa kwetu, kusema ukweli, tunategemea drama festival, vikundi, warsha za wikendi na bahati. Vyuo vyetu vinafundisha sanaa za maonyesho na vimetoa watu, lakini ile miaka mitatu ya mwili na sauti peke yake ni kitu kingine. Na nchi ambayo Aprili 2025 ilipeleka polisi na vitoa machozi kwa sababu ya mchezo wa wasichana wa Butere haina haraka ya kujenga shule ya waigizaji. Hilo nalo ni la kupigania, na litatuchukua muda.

Lakini tazameni Johannesburg. John Kani, yule mzee aliyekuwa mfalme T'Chaka kwenye Black Panther, hakusoma shule yoyote ya uigizaji. Alijifunzia kwenye kikundi cha Serpent Players, Port Elizabeth, wakati wa ubaguzi wa rangi, na 1975 yeye na Winston Ntshona wakachukua Tony pale New York kwa michezo waliyotunga pamoja na Athol Fugard. Angeweza kusema kama sisi wa simu: mimi sikusoma, na wewe usisome. 1989 yeye na Barney Simon wakaanzisha Market Theatre Laboratory, mahali pa kufundisha vijana weusi ambao milango mingine ilikuwa imefungwa. Mtu ambaye hakufundishwa ndiye alijua bei ya kutofundishwa.

Basi mimi namwambia rafiki yangu hivi, na yeyote mwenye barua kama yake. Waandikie leo. Waambie asante, nataka kuja, siwezi kulipa, mnaweza kufanya nini? Wakikataa, nafasi haikuwa yako, ilikuwa ya pesa zako. Kisha omba zile shule zisizotoza, na zile za posho, na Johannesburg, mwaka huu na mwaka ujao na mwaka unaofuata. Ulikubaliwa mara moja, hilo hakuna anayeweza kulifuta. Na katikati ya hapo tucheze. Kuna kundi linatafuta Yona wa muhula wa pili, soo tano imekuwa soo nane, na nitakufundisha ile ya kupumua.

Pesa ya kushikilia nafasi inatakiwa tarehe 15. Hati ya shamba bado iko kwa droo ya mathe wake, nimeuliza. Tangu siku ya geti hatujaongea vizuri, ni meseji za "poa" na "sawa" tu. Lakini jana usiku, saa saba tena, aliniuliza kama bado nina zile taa zangu mbili na kama kamera iko sawa. Anataka kurekodi monolojia upya, moja ya zamani na moja ya siku hizi. Hakusema ni za nani.

Nimemwambia akuje Jumamosi, mapema, kabla jirani hajaamka.